Maji ya wakfu na udhu wa lita kumi na mbili

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja huku pwani ya Tanga. Tuna kisima cha zamani, pampu, tangi la lita 5,000 na koki nane. Siku ya Ijumaa hutawadha hapo watu kama 400, na tangi hukauka kabla khatibu hajashuka mimbari. Tangu kiangazi kilichopita maji yameanza kukolea chumvi, na majirani wanaochota kwetu wanalalamika. Nimependekeza tupunguze kasi ya koki, na maji yanayomwagika tuyapeleke kwenye migomba. Baadhi ya wazee wanasema tunachezea ibada: udhu wa maji machache una shaka, na maji ya udhu hayafai kumwagwa penye miti. Wengine wanataka kisima kichimbwe zaidi. Dini inasemaje, na tuanzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, ndugu katibu. Kwa mkato: udhu wa maji machache ni sahihi, tena ndio sunna. Maji yaliyotawadhiwa ni safi, na kisheria hakuna tatizo kuyamwagia migomba. Kisima msikichimbe zaidi. Sasa tuingie ndani, maana wazee hawatatulizwa na jibu la mstari mmoja, na wana haki ya kuelezwa kwa lugha ya fiqhi wanayoijua. Nitafuata madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo ya watu wa pwani.

Anza na hesabu uliyoleta mwenyewe. Lita 5,000 kwa watu 400 ni lita 12 na nusu kwa kila mtu. Anas bin Malik amepokea, na Bukhari na Muslim wote wameitoa, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa kipimo kimoja kiitwacho saa hadi mudi tano. Mudi ndiyo ambayo wazee wetu huilinganisha na kibaba, na saa ni pishi, yaani vibaba vinne. Kwa vipimo vya leo mudi ni kama lita 0.7. Kwa hiyo kila anayetawadha hapo kwenu anatumia mudi 18 hivi. Maji hayo Mtume angeogea josho la janaba mara nne na yakabaki. Sasa mwenye kuona shaka aiweke wapi shaka yake: kwa anayetumia lita tatu, au kwa anayetumia kumi na mbili?

Hadithi inayotajwa sana katika jambo hili ni ile ya Saad bin Abi Waqqas, kwamba aliambiwa asifanye israfu katika udhu hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Ipo katika kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, lakini wanazuoni wengi wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, yaani mfululizo wa wapokezi wake. Usiitegemee peke yake mbele ya wazee, atatokea mmoja mwenye elimu akukamate hapo na mazungumzo yaishie kwenye isnadi. Ya Anas inatosha, na hakuna wa kuipinga.

Hoja nzito zaidi ni ya wakfu. Kuosha kiungo zaidi ya mara tatu ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza lakini si haramu, kwa mtu anayetumia maji yake mwenyewe. Lakini mafakihi wa Kishafi, Ibn Hajar al-Haytami akiwa mmoja wao, wamesema kuzidisha huko ni haramu ikiwa maji yamewekwa wakfu kwa wanaojitoharisha. Sababu ni nyepesi kuifahamu: aliyeyatoa ameyatoa kwa udhu, na kinachomwagika nje ya udhu kinatumika kinyume na alivyokusudia. Nyumbani mwako unafuja mali yako, msikitini unafuja mali ya mtu aliyekwisha kuzikwa, ambaye alikuwa akitaraji thawabu kwa kila tone. Mambo haya mawili watu huyachanganya, na ndiyo maana mtu anayefunga bomba kwa uangalifu kwake hufungulia koki ya msikiti mpaka mwisho, akazungumza na jirani yake, kisha ndipo anatia nia.

Liko jingine ambalo halisemwi sana kwenye darasa za udhu, ingawa limo katika mlango wa tayamamu. Mtu mwenye maji, naye ana mnyama anayeheshimiwa kisheria atakayepata kiu, hata kama kiu hiyo itakuja baadaye, hatawadhi kwa maji hayo. Anayahifadhi kwa ajili ya kiu na anatayamamu kwa udongo. Tazama mpangilio huo: kiu ya punda imetangulia mbele ya udhu wa mwenye punda. Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kueleza maji yana maana gani kiroho kwa Muislamu. Thawabu ya udhu haiongezeki kwa wingi wa maji. Hadithi ya Abu Huraira kwa Muslim inasema makosa ya mja hutoka kwenye uso, mikono na miguu pamoja na maji, au pamoja na tone la mwisho la maji. Na Qurani, katika Suratul Muuminun aya ya 18, inasema maji yameteremshwa kutoka mbinguni kwa kipimo, yakatulizwa ardhini, na kwamba aliyeyateremsha ana uwezo wa kuyaondoa. Kwa watu wa kisima kinachogeuka chumvi, aya hiyo haihitaji tafsiri ndefu.

Tuje kwenye shaka ya wazee. Shaka yao ina asili. Fardhi za udhu kwa Shafi ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata tartibu. Nne ni za viungo, na katika hizo tatu ni kuosha. Kuosha maana yake maji yapite juu ya ngozi. Kupaka kitambaa chenye unyevu hakutoshi. Anayetumia maji kidogo sana anaweza kuacha kisigino kikavu au nyuma ya kiwiko, na hilo linabatilisha udhu kweli. Dawa yake ni kusugua kwa mkono, ambako kwetu ni sunna na kwa Imamu Malik ni wajibu. Mkono ukisugua, maji kidogo hufika mahali ambapo maji mengi ya koki hupita mbali. Mtazame mtu anayeosha mguu chini ya koki iliyofunguliwa kwa nguvu: mgongo wa mguu unapigwa na maji mpaka unang'aa, na nyuma ya kisigino, palepale pa hatari, pakavu.

Wapeni wazee jaribio, msibishane nao. Chukueni chupa ya lita moja ya maji ya dukani, mtu mmoja atawadhe nayo mbele yao, mara tatu kila kiungo. Mgawo unaofanya kazi ni huu: viganja mililita 100, kinywa na pua kwa mchoto mmoja mmoja unaogawanywa mililita 100, uso 200, mikono yote miwili 300, kichwa na masikio kiasi cha kulowesha viganja tu, na miguu inayobaki, kama 270. Mara ya kwanza huisha kabla ya mguu wa kushoto. Kosa karibu kila mara liko kwenye viganja na kinywa, ambako mtu hutumia nusu ya chupa kabla hajagusa fardhi hata moja zaidi ya nia. Mara ya pili hutosha.

Na hili si jambo geni pwani. Misikiti ya zamani haikuwa na koki, ilikuwa na birika na kata. Ukienda Gedi au Kilwa Kisiwani utaona kisima, mfereji mdogo wa chokaa, birika, na karibu yake mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo. Kata ya kifuu ina ujazo wa kama theluthi ya lita hadi nusu, na ukichota unaona unachochota. Koki imeondoa kuona huko. Lamu wakifuga samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu, na chini wakajengea bakuli la kauri ili birika likikauka wakati wa kusafishwa samaki wabakiwe na maji. Mtu aliyejenga hivyo alikwisha kufikiri juu ya maji, mbu, samaki na ibada kwa pamoja.

Sasa maji ya kumwagika. Kwa Shafi, maji machache yaliyotumika kuondoa hadathi (hali ya kutokuwa na udhu), yaani yale ya osho la kwanza la fardhi, huitwa mustaamal: ni tohara yenyewe, lakini hayamtoharishi mwingine. Si najisi. Yakimwagika kwenye nguo unaswali nayo, na mgomba ukiyanywa ndizi ni halali. Kinachokatazwa ni kuyarudisha kwenye udhu, au kuondolea najisi. Hapa kuna mtego mmoja wa kuangalia: yanafaa kumiminwa chooni kusukuma uchafu na kusafisha sakafu isiyo na najisi, lakini mkeka uliokojolewa na mtoto usiusafishe kwa maji hayo, kwa Shafi hautatoharika. Mkikusanya maji ya mustaamal yakafika kipimo kiitwacho kula mbili, kauli sahihi katika madhehebu ni kwamba yanarudi kutoharisha, lakini msiende huko. Yatakuwa yameshanuka, na yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi mlango umefungwa. Kula mbili, kwa faida ya wanaouliza, ni sanduku lenye dhiraa moja na robo kila upande. Ukichukua dhiraa ya sentimita 48 unapata sanduku la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, yaani lita 216. Zipo hesabu zinazoshuka mpaka karibu lita 190.

Chumvi nayo haiharibu udhu. Mtume aliulizwa juu ya bahari akasema maji yake ni yenye kutoharisha. Kwa hiyo kisima chenu hata kikiwa chumvi tupu mtatawadha. Wanaoumia ni majirani wanaokunywa, nondo za jengo, na pampu yenyewe.

Kwa nini chumvi imeingia? Chini ya pwani ya matumbawe maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mwamba, kama mafuta juu ya maji. Maji ya bahari ni mazito kidogo: lita 40 za bahari zina uzito wa lita 41 za maji baridi. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila sentimita moja ya maji baridi iliyoinuka juu ya usawa wa bahari inashikilia kama sentimita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze hesabu: mkishusha maji ya kisima sentimita 10 na kuyaweka hapo, mpaka wa chumvi chini yake unaweza kupanda hadi mita nne. Haupandi siku hiyo hiyo, unachukua majuma na miezi, ndiyo maana watu hawaoni uhusiano. Na ndiyo maana kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi nyumbani kwake. Kisima kirefu kitatoa maji mengi kwa msimu mmoja, kisha kitaharibika moja kwa moja.

Pampu inayovuta lita 5,000 kwa saa moja asubuhi ya Ijumaa inatengeneza shimo ndani ya maji, na chini ya shimo hilo chumvi inachomoza kama kilima. Lita hizo hizo zikivutwa polepole, tuseme lita 600 kwa saa kuanzia Alhamisi usiku, hushusha maji kidogo sana. Kwa hiyo: mdomo wa kuvutia uinueni uwe karibu na uso wa maji, si karibu na sakafu ya kisima. Wekeni swichi ya kuelea ili pampu ijizime maji yakishuka chini ya alama. Fundi apunguze mtiririko kwenye bomba la kutolea, asiipunguze njia ya kuvutia, pampu itakwama kwa hewa na kuungua. Mpeni kazi mtu mmoja: kila Ijumaa mosi ya mwezi ashushe kamba yenye uzito apime kina cha maji kabla ya pampu kuwashwa, aandike daftarini, na kama mna kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi aandike namba yake pia. Namba moja haina maana, mnatafuta mwelekeo. Pimeni mara nyingine wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa kabisa. Ikiwa chumvi hupanda kwa bamvua na kushuka baadaye, mwamba wenu una nyufa zinazofika baharini, na hapo tahadhari ya kuvuta polepole ndiyo pekee inayofanya kazi.

Koki ndizo za kwanza kushughulikiwa kwa sababu hazigharimu sana. Wekeni ndoo ya lita 10 chini ya koki, ifungueni kama watu wanavyofungua, hesabuni sekunde. Ikijaa kwa dakika moja, koki inatoa lita 10 kwa dakika. Fanyeni hivyo kwa zote nane, maana iliyo karibu na tangi hutoa zaidi ya ya mwisho. Kisha siku moja ya Alasiri, bila kutangaza, kingeni maji ya watu watano chini ya mfereji mpime. Mkitangaza, watu watatawadha kama malaika siku hiyo na namba zenu zitakuwa za uongo.

Lengo langu kwenu ni lita 2 na nusu hadi 3 kwa dakika. Msiende chini ya hapo. Watu wakiona maji yanadondoka, hukaa muda mrefu zaidi, safu hurefuka, wazee hukasirika, na usiku mtu anakuja na spana anafungulia kila kitu, mpango umekufa. Njia rahisi ni valvu moja ndogo kwenye kila tawi nyuma ya ukuta, ikigeuzwa mpaka ndoo ya lita 10 ijae kwa dakika tatu na nusu hadi nne, kisha mpini wake ukaondolewa. Valvu moja ya jumla kwenye bomba kuu haisaidii: mtu mmoja akitawadha peke yake anapata kasi yote, wakiwa nane hawapati kitu. Vichwa vya koki vyenye vitundu vinavyochanganya hewa vinapendeza, lakini kwa maji yenu ya chokaa na chumvi vitaziba baada ya miezi. Mkivitumia, vifungueni kila mwezi vilale kwenye siki usiku mmoja. Koki za kubonyeza zinazojifunga zenyewe siwashauri kabla chumvi haijashuka, springi zake hukwama zikiwa wazi, na koki iliyokwama wazi usiku kucha hula zaidi ya Ijumaa nzima.

Kwa lita 3 kila mtu, Ijumaa yenu ni lita 1,200. Tangi la 5,000 linawatosha Ijumaa na mnabaki na akiba.

Mfereji wa kutawadhia ni lazima utengane kabisa na maji ya choo na ya kustanjia. Fuateni bomba kwa macho kabla ya kukata popote, kwa sababu mafundi wengi huyaunganisha chini ya sakafu kuokoa bomba. Mkishatenga, tieni chujio la wavu kwenye tundu la kushukia, likamate nywele na majani ya miswaki, halafu bomba la plastiki la inchi 2 lenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita mpaka kwenye migomba. Kuzunguka kila shina, umbali wa hatua moja, chimbeni kizingo cha kina cha shubiri moja na nusu, jazeni makumbi ya nazi na majani makavu, maji yaingie chini ya makumbi yasionekane juu. Msikinge kwenye pipa kwa zaidi ya siku moja: siku ya pili yananuka, siku ya saba mbu wametoka. Yakatazeni mabaki ya sabuni ya kufulia kuingia humo, kwani wapo wanaofua kanzu kwenye mahali pa kutawadhia na hawajaambiwa.

Kwa maji yenye chumvi, mgomba si mti wangu wa kwanza. Unastahimili kidogo, kisha kingo za majani huanza kuungua rangi ya kahawia. Mnazi na mtende vinavumilia zaidi. Ndimu, michungwa na maharage viondoeni kabisa kwenye mpango. Masika yakija acheni mvua iyaoshe mashina, na kiangazi kila baada ya majuma mawili au matatu mwageni maji mengi kwa mkupuo yasukume chumvi chini ya mizizi. Aliyewaambia wazee kwamba ni dharau kumwagia miti maji ya udhu nadhani amechanganya na maji yaliyosomewa au kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa), ambayo watu wetu huyaepusha na mahali pachafu kwa adabu ya maneno yaliyomo. Udhu haumo humo.

Paa la msikiti ni kisima cha pili ambacho hamjakifungua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Pimeni upana na urefu wa kivuli cha paa chini, si mteremko wa bati. Paa la mita 15 kwa 12 ni mita za mraba 180, na ukitoa sehemu ya tano inayopotea, mvua moja ya milimita 30 inakupa lita 4,320, karibu tangi zima. Gata literemke sentimita 1 kila mita 2. Maji ya mwanzo yamebeba vumbi na kinyesi cha njiwa, nayo yatupwe: hesabuni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 180 kwa paa hilo. Hapa ndipo wengi hukosea. Hufunga kipande cha bomba la inchi 4 cha mita moja wakadhani wamemaliza, na kipande hicho kinashika lita 8 tu. Tumieni pipa la lita 200 linalojaa kwanza, lenye tundu dogo la milimita 3 chini ili lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata, na likijaa maji safi yapite juu yake kwenda tangini. Tangi liwe jeusi au limefunikwa, mdomo na bomba la kufurika vyote viwe na wavu wa mbu.

Kinyesi cha njiwa ni najisi kwa Shafi, ingawa Malik na Ahmad hawakioni hivyo kwa ndege anayeliwa. Tangi lililozidi kula mbili halinajisiki mpaka rangi, ladha au harufu ibadilike kwa najisi hiyo. Kwa hiyo kwa udhu halina tatizo. Kwa kunywa ni suala lingine: yachemsheni.

Kuhusu umbali wa vyoo. Mafakihi waliweka harimu ya kisima, mzunguko usiochimbwa kingine wala kuchafuliwa, na hadithi moja inataja dhiraa 40, kama mita 20. Kwenye mwamba wa matumbawe wenye nyufa mita 20 ni chache. Watu wa maji hutaka angalau 30 kati ya shimo la choo na kisima cha kunywa, na mimi ningetaka choo kiwe upande wa baharini wa kisima, sio upande wa bara, kwa sababu maji ya ardhini huelekea baharini. Kama shimo lenu liko ndani ya umbali huo, hilo lina haraka kuliko chumvi.

Katika khutba, imamu asitumie muda mwingi kwenye takwimu za dunia. Atumie lita 12 na nusu, na chupa ya lita moja mkononi. Lugha ya dini kwa jambo la mazingira imewahi kufanya kazi jirani yenu: kwenye kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, miaka ya mwisho ya 1990, wavuvi walizungumzishwa juu ya matumbawe na baruti kwa aya na hadithi, na jina la kisiwa lenyewe, linalonasibishwa na msala wa Nabii Khidhri, likawa sehemu ya mazungumzo.

Limebaki la majirani, ambalo hukuuliza wazi. Kama hati ya wakfu ipo, isomeni: maji yaliyowekwa kwa udhu pekee hayauzwi wala hayatolewi kwa kazi nyingine, na yaliyowekwa kwa Waislamu au kwa watu wa mtaa yanachotwa. Hati ikiwa imepotea, inafuatwa desturi iliyojulikana tangu enzi za mtoaji, na kwa maelezo yako majirani wamechota siku zote, basi hiyo ndiyo desturi. Uthmani alipokinunua kisima cha Ruma Madina alikiachia watu wote, na Saad bin Ubada alipouliza sadaka bora kwa mama yake aliambiwa maji. Msimamizi wa wakfu ana haki ya kupanga, hana haki ya kufunga. Wawekeeni majirani koki moja nje ya ukuta, saa za asubuhi na za Alasiri, kwa ndoo na si kwa mpira, na siku ya Ijumaa ifunguliwe baada ya swala. Maji ya paa yakijaa, hayo ndiyo wapeni kwanza, maana hayana chumvi na hayajawekewa sharti na mtu yeyote.